Mastaa Walijaa, Kicheko Hakikuja

Kuna watu wawili watatu nimewaahidi tangu 2021 kwamba nitaandika kuhusu Coming 2 America, na kila wakinikumbusha napiga chenga. Sikutaka kumsema Eddie Murphy. Mtu aliyekuchekesha utotoni mpaka ukakimbilia msalani anastahili kustahiwa. Lakini mwezi huu mtoto wa dada yangu kaja na flashi yake, na katikati ya tamthilia za Kikorea imo na hiyo. Tukaiweka jioni, nimeshamaliza kazi za watu na cherehani nimeifunika. Nimeiangalia kwa utulivu mwanzo mpaka mwisho. Haichekeshi. Haikuchekesha ilipotoka, na miaka iliyopita haijaisaidia.

Kwa mliozaliwa juzi: muvi ya kwanza, Coming to America, ilitoka 1988, mwongozaji John Landis. Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika ambayo kwenye ramani hamna. Katimiza miaka 21, katafutiwa mke aliyefundwa tangu mdogo kupenda kila atakachopenda mume, naye anamkataa. Anaondoka na rafiki yake Semmi, yaani Arsenio Hall, mpaka Queens kule New York. Anapanga chumba kibovu, anasugua sakafu kwenye mkahawa wa hambaga unaoitwa McDowell's, na anampenda Lisa, binti wa mwenye mkahawa. Hela anazo, cheo anacho, lakini anavificha vyote ili apendwe yeye mwenyewe.

Sisi Ngamiani, Tanga, tuliiona kwenye mkanda, kwa jirani ambaye mumewe alikuwa baharia, ndiyo maana deki ilikuwepo. Watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi. Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tulikuwa bado hatujamjua, na hawa kina DJ Afro wa Kenya ndio kabisa, kwa hiyo mtafsiri wetu alikuwa kaka yangu wa kidato cha pili. Nilipokuja kukijua Kiingereza niligundua kwamba nusu ya maneno alikuwa akiyatunga, na baadhi ya aliyoyatunga yalikuwa matamu kuliko yenyewe.

Lakini kuna sehemu haikuhitaji mtafsiri. Mchumba wa Lisa ni Darryl, mtoto wa tajiri wa mafuta ya nywele ya Soul Glo, na familia yao nzima ina nywele zinazochuruzika. Wamekaa kwenye kochi nyumbani kwa kina Lisa. Wakanyanyuka. Kamera ikabaki kwenye kochi: madoa ya mafuta matatu, kila kichwa na lake. Basi sebuleni mle mle alikuwepo shangazi yetu mmoja aliyetoka saluni jana yake na kalikiti inang'aa, na mwenye nyumba alikuwa ameshamtandikia kitambaa nyuma ya kichwa. Hakuna aliyesema neno. Sebule nzima iligeuka kumtazama, halafu ikalipuka. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu ndiyo hoja yangu nzima. Aliyepiga lile kochi picha alikuwa anaijua mitaa ya watu weusi wa Marekani kuanzia nywele hadi kochi, na kwa kuijua vizuri hivyo akatupata na sisi huku, tuliokuwa na mafuta yale yale. Muvi ya 1988 imejaa watu wa namna hiyo. Wapo wale wazee wa kinyozi wanaobishana kuhusu mabondia kutwa nzima bila kukubaliana. Yupo mwenye nyumba, wapo wanaume wanaoiba mizigo ya Akeem siku ya kwanza, yupo mchungaji anayehubiri kwenye mashindano ya urembo. Asubuhi ya kwanza Akeem anatoka nje ya dirisha, anawapigia kelele majirani wote kuwasalimia, mtu anamjibu tusi zito, naye anafurahi kupita kiasi na kulirudisha lile tusi kwa heshima zote, kana kwamba ndiyo salamu ya nchi.

Mwangalie Murphy hapo. Mwaka ule alikuwa staa mkubwa kuliko karibu wote, na kwenye muvi aliyoitolea wazo mwenyewe amejipa kazi ya kutukanwa. Akeem hatoi mzaha hata mmoja. Ana adabu, anasikiliza, anashangaa, na kicheko kinakwenda kwa wengine. Pale Murphy alipotaka kuchekesha, alijificha. Mmoja wa wazee wa kinyozi, yule Myahudi, ni yeye, chini ya ngozi bandia iliyotengenezwa na Rick Baker. Sisi hatukujua. Tulibishana mtaani wiki nzima, kaka yangu akaweka dau, na aliyeshindwa alinunua ubuyu.

Sasa njoo 2021. Corona ipo, kumbi za sinema nyingi duniani zimefungwa, Paramount wakaiuza muvi kwa Amazon, ikatoka mwezi wa tatu moja kwa moja majumbani. Akeem sasa anakaribia kuwa mfalme. Ana mabinti watatu, lakini sheria ya Zamunda inataka mrithi wa kiume. Baba yake, mfalme Jaffe, yuko kitandani anakufa (James Earl Jones, kwa sauti ile ile), na ndipo inafichuliwa kwamba Akeem aliacha mtoto wa kiume Queens bila kujua. Nchi jirani inatawaliwa na Jenerali Izzi, ambaye ni Wesley Snipes, kaka wa yule mchumba aliyekataliwa 1988, naye anataka ndoa au vita. Akeem anarudi Queens, anamchukua kijana, Lavelle, pamoja na mama yake, anawaleta ikulu.

Kwenye karatasi si vibaya. Mwongozaji ni Craig Brewer, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametengeneza Dolemite Is My Name na Murphy huyo huyo, na ile ilikuwa nzuri sana. Waandishi wawili wa muvi ya kwanza, Barry Blaustein na David Sheffield, wamo, wakamwongeza Kenya Barris. Arsenio Hall yumo. John Amos, yule mwenye mkahawa, yumo. Wazee wa kinyozi wote wamo, na wangali hai, ambayo yenyewe ni mizaha ya kimya kimya maana walikuwa vikongwe tangu 1988. Kwa hiyo usiniambie hawakuwa na watu.

Ugonjwa ni kwamba tumehamishiwa ikulu. Muvi ya kwanza nayo ilianzia ikulu, lakini tulikaa pale kidogo tu, tukacheka waridi zinazomwagwa mbele ya miguu ya kijana aliyechoka kumwagiwa waridi, tukaondoka. Hii ya pili inatufanya tukae. Na ile Zamunda ya pili haina mtaa. Mimi ni Mwafrika, niko tayari kabisa kuchekeshwa kwa nchi ya Afrika ya kubuni, sina hasira na hilo. Lakini ni nchi gani hii ambayo nje ya geti la mfalme hakuna kitu? Hakuna anayeuza karanga. Hakuna konda. Hakuna mama anayegombana na mwenye duka kuhusu chenji, hakuna jirani wa kutukana asubuhi. Kuna jumba, watumishi, simba na wacheza ngoma. Ikulu yenyewe walipigia picha kwenye jumba la mwanamuziki Rick Ross huko Georgia, Marekani, na inaonekana: ni nyumba ya mtu mmoja tajiri ambayo watu wamealikwa.

Matokeo yake ni kwamba Lavelle hana wa kukutana naye. Akeem alipofika Queens, mtaa mzima ulimshukia. Lavelle anapofika Zamunda anakutana na walimu. Anafundishwa kutembea, anaambiwa akakate sharubu za simba. Jermaine Fowler, anayemcheza Lavelle, anajitahidi, ni kijana mwenye sura nzuri ya kuchekesha, lakini ukimweka mchekeshaji kwenye uwanja mtupu na simba wa kompyuta unamwonea. Anayemwokoa ni Mirembe, msichana wa kumnyoa nywele, anayechezwa na Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini, na hapo niwaambie siri: jina lile lilipotajwa kwa mara ya kwanza, nyumbani kwangu watu walicheka kuliko mahali pengine popote. Waganda watatuwia radhi, najua kwao ni jina zuri. Sisi kwetu Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na mfalme mtarajiwa anapotangaza kwamba anampenda Mirembe, wewe mwenyewe jaza. Hollywood walitumia mamilioni ya dola, na kicheko kikubwa cha jioni tulijitengenezea sisi.

Nikija kwenye mastaa, naomba uvumilivu. Kuna mazishi. Mfalme Jaffe anataka mazishi yake yafanyike akiwa hai ili asikie anavyosifiwa, na hilo ni wazo la kuchekesha kweli kweli. Ukimpa mtu wa mtaani Tanga wazo hilo anakutengenezea nusu saa ya kuvunja mbavu, kwa sababu kwenye sifa za marehemu ndiko uongo wote wa dunia unakokaa. Wao wamefanyaje? Morgan Freeman anaingia, anaongea kwa sauti ya Morgan Freeman. En Vogue na Salt-N-Pepa wanaimba. Gladys Knight anaimba. Mfalme anakufa. Hakuna hata mmoja aliyedanganya, hakuna aliyekosea jina la marehemu, hakuna mke mdogo aliyetokea na mtoto mgongoni. Wameingia, tumesema "aa, yule!", wametoka. Na muvi yote ni hivyo hivyo. Trevor Noah anasoma habari. Dikembe Mutombo, yule mcheza kikapu, yumo kwa sekunde chache. Davido anaimba kwenye sherehe. Kila mmoja anakuja kama mgeni wa meza kuu harusini, anapungia mkono, anakaa. Ukimtambua mtu unatabasamu, sawa, ila kutambua sura na kucheka ni shughuli mbili.

Katikati ya wageni wote hao, mwenye shughuli, Murphy mwenyewe, hana kazi. Akeem wa pili anakunja uso, anaagiza, anajuta, anasamehewa. Hakuna anayemtukana kwa moyo mmoja isipokuwa wazee wa kinyozi, na ndiyo maana ile sehemu ya kinyozi inapumua. Anapoingia tu na Semmi wanaanza kuitwa majina ya njaa na Ebola na almasi za damu, yaani kila taarifa ya habari mbaya kuhusu Afrika tangu 1988. Nilicheka, kwa uchungu kidogo, lakini nilicheka. Dakika chache, wakarudi ikulu.

Tanga tumemlea King Majuto, Mungu amrehemu, alituacha Agosti 2018. Kila mtu alimjua, watoto walimfuata barabarani, na bado kwenye kila igizo alikubali awe mzee anayeumbuka: mbahili anayekamatwa na ubahili wake, babu anayetamani asichokiweza. Hakuwahi kusema sasa mimi ni mkubwa, nichezeeni pembeni. Siku komedi inapoogopa kumwaibisha staa wake, unabaki na albamu ya picha za familia.

Kuna mengine mawili yaliniudhi, siyo kunichosha tu. La kwanza ni Imani, yule mchumba wa 1988. Mnakumbuka, Akeem alimwuliza anapenda nini, akajibu chochote utakachopenda wewe. Akamwamuru aruke kwa mguu mmoja na kubweka kama mbwa, akaruka na kubweka. Wakati ule kicheko kilikuwa juu ya desturi iliyomfunda binti hivyo, na Akeem mwenyewe aliona haya, akakimbia. Katika hii ya pili, Vanessa Bell Calloway amerudishwa, miaka zaidi ya thelathini baadaye, bado anaruka kwa mguu mmoja na kubweka. Ndio mzaha wote. Halafu muvi hiyo hiyo inakuja kutuhubiria mwishoni kwamba wanawake wanaweza kutawala, binti mkubwa anapewa urithi, muziki. Nikasema, na yule aliyesimama mguu mmoja tangu enzi za Mwinyi, naye mtamwambia nini?

La pili ni namna yule mtoto alivyopatikana. Tunaambiwa Akeem alileweshwa bangi usiku mmoja, akiwa hajitambui mwanamke akamkalia. Inapita kama kichekesho. Ukiigeuza, msichana ndiye hajitambui, hakuna ambaye angethubutu. Sitaki kulirefusha.

Lisa naye, ambaye 1988 muvi yote ilikuwa inasubiri aseme ndiyo au hapana, sasa ni mke wa mfalme mwenye mistari michache na glasi ya kinywaji. Shari Headley anayemcheza alistahili zaidi.

Niwe mkweli kuhusu vilivyo vizuri. Snipes, kwanza. Kila akiingia anaingia akicheza, na jeshi lake nyuma linacheza, na ana macho ya mtu anayeona raha ya kazi yake. Pili, usaili wa kazi mwanzoni, Lavelle akiwa mbele ya kijana wa kizungu wa familia ya kina Duke, wale matajiri wa muvi nyingine ya Murphy, Trading Places, hapo kuna mzaha mkali, una meno, una jambo la kusema kuhusu nani anazaliwa na kiti na nani anazaliwa akisimama. Ni New York hiyo, unaona? Sijachagua kwa makusudi. Ukimtoa Snipes, kila kilichonichekesha kinatokea kule kule New York.

Tatu ni nguo, na hapa nizungumze kama fundi. Mbunifu wa mavazi ni Ruth E. Carter, yule aliyechukua Oscar kwa mavazi ya Black Panther. Amechanganya vitambaa na wabunifu wa Afrika, akiwemo Laduma Ngxokolo wa MaXhosa ya Afrika Kusini, na nguo zile zimekaa. Nilikuwa nasimamisha muvi siyo kwa kucheka, kwa kuangalia mshono: bega limeshikiliwa na nini, pindo limepinduliwa mara ngapi, shingo ile imewekewa kanvasi au imeachwa. Mtoto wa dada yangu akawa analalamika, shangazi, hii ni muvi siyo semina. Muvi ilipotoka, mteja mmoja aliniletea picha ya skrini ya mabinti wa mfalme, anataka hivyo hivyo kwa ajili ya kitchen party ya mdogo wake, kwa kitenge cha Kariakoo na kwa bei ya gauni la kawaida. Tulifika nusu njia. Alipendeza. Lakini komedi ambayo mtazamaji anahesabu mishono yake ina tatizo, na tatizo halipo kwenye mishono.

Kuna mahali Lavelle na Mirembe wanazungumza kuhusu sinema za Marekani, na kijana anasema kwao siku hizi kuna mashujaa wa kuruka angani, marudio, na miendelezo ya muvi za zamani ambayo hakuna aliyeiomba. Msichana anauliza, ikiwa kitu ni kizuri kwa nini ukiharibu? Watu wengi waliisifu hiyo kwamba wamejisema wenyewe. Mimi iliniongezea hasira. Mtu akichelewa kuleta nguo ya harusi halafu akakwambia huku anacheka, "mimi fundi mchelewaji", harusi imeshapita.

Hayo yote hayamaanishi Murphy kaisha. Ile Beverly Hills Cop ya 2024 nayo ni muvi ya kufufua, nayo imejaa sura za zamani, ila nilicheka mara kadhaa, na nilijua kwa nini: pale anakamatwa, anafungiwa, binti yake hataki kumwona, vijana wanamwona mzee. Kuna mtu wa kumshusha. Dolemite ndiyo kabisa, anacheza mtu ambaye kila mlango umemfungia. Kama hujaiona Dolemite acha kusoma hapa ukaitafute, ina matusi mengi, usiweke mbele ya wakwe.

Kwa mnaotaka kuiangalia Coming 2 America kwa mara ya kwanza: angalieni usaili, angalieni kinyozi, angalieni Snipes akiingia, na mafundi wenzangu angalieni sherehe zote huku sauti imezimwa. Wifi yangu anaipinga makala hii kabla haijatoka. Anasema alicheka sana pale mama wa Lavelle, Leslie Jones, anapooshwa na watumishi wa ikulu. Nimerudia sehemu hiyo kwa ajili yake. Leslie Jones anaifanyia kazi kwa nguvu zote alizopewa na Mola, hilo namkubalia. Kucheka, bado. Wifi anasema nimezeeka, nami nimemjibu aniletee ile blauzi yake niipunguze mikono, ya muvi tutayamaliza hapo.